Kiti Chako Bado Kipo

Kazi yangu ilikuwa kuita watu. Sikupaza sauti wala sikupiga kengele. Nilikaa ghorofa ya tatu, kwenye kiti kilicholia kila nikigeuka, nikiwaita watu kwa picha moja na maneno machache kwenye simu zao. Kampuni yetu ilikuwa na vituo vya kuchaji magari ya umeme, na mimi nilitakiwa kuhakikisha kwamba dereva, chaji ikianza kumshukia, anatuona sisi kabla hajawaona wengine. Niliifanya kazi hiyo miaka sita na niliijua. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno, lakini subiri ufike mwisho ndipo unicheke.

Kampuni za namna yetu zilikuwa saba mjini, na kila mwezi lilitoka jedwali la kutulinganisha: matangazo ya nani yamebofywa zaidi, na ya nani yameleta watu wengi zaidi vituoni. Simu iliyoonyeshwa tangazo ikiingia kwenye uwanja wa kituo, ramani inajua, na mimi nahesabiwa mgeni mmoja. Miezi minne mfululizo tulikuwa wa tano. Bosi wetu tulimwita Grafu, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kuchora mstari hewani kwa kidole. Aliniambia mbele ya watu kwamba akiiona namba tano tena, kuna mtu atamwaga unga, na mtu huyo si yeye.

Sasa nieleze kosa langu, maana mambo yote yameanzia hapo. Ukitaka mashine ikutafutie wateja wapya, unaipa orodha mbili. Ya kwanza ni ya watu wa kufananishwa. Mashine inawachunguza wanaamka saa ngapi, wanapita wapi, wanasoma nini, wanaishikaje simu, halafu inakwenda kutafuta wengine wa aina hiyo hiyo. Orodha ya pili ni ya watu wa kuachwa, wasionyeshwe tangazo kabisa. Kwenye ya kwanza nilikusudia kuweka wateja wetu waaminifu. Kwenye ya pili nilikusudia kuweka watu niliowaita Waliopotea.

Waliopotea niliwakusanya mwenyewe kwa wiki mbili. Walikuwa watu waliokuja kuchaji kwetu mara moja tu, wakaondoka bila lalamiko lolote, wasirudi. Nikawatoa waliouza magari. Nikawatoa waliohama mji. Nikawatoa waliohamia kwa washindani. Waliobaki walikuwa mia nne na kumi na wawili, na hao hakuna aliyejua kwa nini wameacha kuja. Sikuona sababu ya kuwapotezea tangazo. Walikuwa na ujumbe wao mmoja, unaojituma wenyewe mteja akimaliza siku thelathini bila kuonekana: "Hatujakuona siku nyingi. Kiti chako bado kipo." Ujumbe huo niliuandika mimi na niliupenda. Kila kituo chetu kilikuwa na mabenchi ya kijani chini ya paa, na tangazo jipya nalo lilikuwa na picha ya benchi hilo, tupu, na maneno haya: "Umetoka mbali. Kaa hapa kidogo."

Siku ya kuiwasha kampeni Grafu alisimama nyuma yangu, ananipumulia kisogoni na kuuliza kama bado. Haraka haraka haina baraka. Orodha mbili, visanduku viwili, nami nikaziingiza kinyume. Waaminifu wakaachwa. Waliopotea wakawa ndio mfano wa kufuatwa. Nikabonyeza, kidole cha Grafu kikapanda hewani, tukaenda kula.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kwa Mama, mimi na Kaka. Mama alikaa peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kituo chetu kikubwa. Kaka ni dereva wa teksi ya umeme, na kwa aibu yangu yote alikuwa anachaji kwa washindani, eti kule kuna kahawa. Wiki hiyo simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya kuoshea gari. Mama akaingia chumbani akatoka na yake.

"Chukua hii mpaka upate nyingine."

"Na wewe je, Mama?"

"Mimi nampigia nani? Niliowazaa wote hawa hapa wananimalizia chakula."

Kaka akatoa laini ya Mama, akaweka yake. Mengine yote yakabaki vilevile: picha za Mama, akaunti ya Mama, na ule mlio wa jogoo uliokuwa umetukera miaka mitatu.

"Halafu wewe," Mama akanigeukia, "tangazo lako naliona kila siku. Lile la benchi. Linaita vizuri."

"Mama, wewe hata gari huna."

"Kwani benchi wanakaa magari?"

Tukacheka sana. Nilidhani ananitia moyo tu, kama alivyokuwa akisifu ng'ombe niliokuwa nikichora utotoni, ambao hata mimi niliona ni meza. Mtaalamu mzima, tangazo la kuchaji gari linamfikia mwanamke asiyejua hata usukani unashikwaje, na mimi nikaongeza mchuzi.

Jedwali la mwezi huo lilipotoka tulikuwa wa kwanza. Si wa tatu, si wa pili. Waliobofya walikuwa wameongezeka mara nne, na waliofika vituoni walizidi wa kampuni mbili zilizotufuata kwa pamoja. Grafu aliagiza keki. Alinipa kisu nikate mimi, akasema kuanzia siku hiyo mtu asinisumbue nikiwa kazini. Nilivimba kichwa, sikatai.

Kilichonikera ni kitu kimoja. Umeme tuliouza ulikuwa uleule. Watu wamejaa vituoni na umeme haujapanda hata kidogo. Nikaangalia tena, nikampigia aliyeandaa ripoti, akaniambia naye ameshangaa. Mimi nikianza kukerwa silali na jambo. Saa sita mchana nikachukua mkoba nikaenda kituoni mwenyewe.

Kituo kilikuwa kimya. Magari ya umeme hayangurumi, hilo nimelizoea, lakini hapo hata magari hayakuwepo. Chaja kumi zilisimama na waya zake zimening'inia, zinavuma kidogo kama friji ya usiku. Mabenchi ndiyo yaliyojaa. Watu tisa walikuwa wamekaa chini ya paa, wamevaa vizuri, mikono magotini, wanaangalia nafasi za kuegesha ambazo hazikuwa na kitu. Alikuwepo mwanamke wa makamo na kitambulisho cha kazi shingoni. Alikuwepo mwanamume na mfuko wa misumari, kama mtu aliyetumwa dukani akapitia hapo. Hawakuongea. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia simu. Kwa mtu wa kazi yangu hilo lilitosha kunisimamisha nywele.

Fundi wa kituo, tuliyemwita Soketi, alitoka kwenye kibanda chake akifuta mikono.

"Wanataka nini hawa?" nikamuuliza.

"Hawataki kitu, dada. Wanakuja kwa miguu, wanakaa. Nusu saa, saa moja, wanaondoka. Wanaaga vizuri sana."

"Ni walewale kila siku?"

Soketi akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na siku hiyo nilitamani asiwe hivyo. "Hapana. Sijaona aliyerudi. Kesho wanakuja wengine."

Nikamsogelea yule mwanamke mwenye kitambulisho, nikamsalimia, akaitikia kwa upole.

"Samahani, una gari hapa?"

"Sina. Niliona tangazo, nikasema nipite."

"Sasa unasubiri nini?"

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyepotea njia. "Sisubiri kitu. Nimekaa tu." Kisha akajisogeza, akanipa nafasi pembeni yake.

Sikukaa. Nilimwambia nina haraka, na nilirudi ofisini karibu nakimbia, mchana kweupe, na jua limewaka barabara nzima.

Nikaifungua kampeni nikague kila kisanduku. Ndipo nilipoona. Mashine ilikuwa imekaa mwezi mzima ikitafuta watu wanaofanana na Waliopotea. Kwanza nilishusha pumzi, maana kosa la kazi ninalielewa. Niliwaza ni watu wazembe, wanaobofya bila kununua, basi. Lakini sikuridhika. Nilitaka kujua hao Waliopotea ni watu wa namna gani hasa, mpaka wanaofanana nao wanakwenda kukaa kwenye benchi la kituo wakiwa hawana gari. Nikavuta simu ya mezani, nikaanza kuwapigia.

Namba ya kwanza alipokea mwanamume. "Hiyo simu ni ya mke wangu," akasema. "Alifariki mwaka jana."

Nikampa pole. Namba ya pili, kijana akaniambia baba yake hayupo tena. Ya tatu ilipokelewa na mwanamke mwenye hasira.

"Ni nyie tena? Nyie ndio mnaotuma ule ujumbe wa kiti? Nimemzika dada yangu, mwezi haujaisha vizuri, simu yake inalia, eti hatujakuona siku nyingi. Mna akili timamu nyie?"

Nilipiga namba ishirini na sita mchana huo. Ishirini zilipokelewa, na hakuna aliyeniambia jambo tofauti. Ajali, moyo, homa ya siku mbili, mmoja alijilaza tu baada ya chakula. Nikaandika tarehe walizonipa kwenye karatasi, pembeni nikaandika siku waliyochaji kwetu. Hakuna aliyemaliza wiki. Nilikuwa nimewatoa wote wenye sababu ya kutokurudi, moja baada ya nyingine, mpaka wakabaki wenye sababu moja ambayo sikuwahi kuifikiria.

Wale waliobofya tangazo jipya nao walikuwa wameacha namba zao, ili wapate punguzo. Nikachagua namba moja ya mtu aliyefika kituoni wiki ya kwanza. Mtu alipokea, na nyuma yake nikasikia watu wengi wanalia. Nikakata. 

Nilimwendea Grafu na karatasi yangu. Aliisoma mara mbili, nampa haki yake. Kisha akanirudishia.

"Mashine haiui watu," akasema.

Na kweli, haikuua mtu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mashine ilikuwa inawatambua tu. Iliwaona katika mwendo wao, katika namna ya kushika simu, katika vitu walivyoacha kutafuta, ikawaonyesha benchi. Niliizima kampeni jioni hiyo bila ruhusa ya mtu, lakini sikupata nafuu. Ukizima redio huzuii mvua iliyotabiriwa.

Kesho yake asubuhi Kaka alikuja kunichukua nyumbani, kama alivyofanya siku zote akipita upande wangu. Niliingia mbele. Simu aliibandika pale kwenye dashibodi ili aone ramani, na nilipokuwa navuta mkanda nikaona kijani. Lilikuwa benchi langu. "Umetoka mbali. Kaa hapa kidogo." Tangazo lilikuwa bado limekaa kwenye skrini tangu jana yake.

"Hili tangazo lako limeniganda," Kaka akasema. "Wiki tatu sasa, nikifungua simu lipo. Leo nakupa ushindi. Chaji imeshuka, nakuja kwenu."

Huyu ni mtu aliyenibeba mgongoni siku niliyochomwa na mwiba, akanifundisha kuendesha baiskeli, akapigwa kwa ajili ya glasi niliyovunja mimi. Sikujua nianzie wapi. Nikaanza kulia, na Kaka, ambaye hajaniona nalia tangu nikiwa na miaka kumi na tano, akaegesha gari pembeni.

Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nikienda kuchaji nakufa," akasema.

"Sijui. Ila wote walikuja mara moja tu. Mia nne na kumi na wawili, hakuna aliyekuja mara ya pili. Sasa twende, uchaji, utoke, urudi tena papo hapo. Ukirudi mara ya pili hufanani nao tena."

"Na nisipokwenda kabisa?"

"Tangazo limekupata wiki tatu. Utakwenda tu, siku ambayo mimi sipo."

Akanitazama. Nilijua anataka kunitania, na nilimshukuru kwa kutonitania. "Wewe ndiye mwenye mashine," akasema. "Twende."

Kituoni walikuwepo watu wanane, wengine kabisa, wamekaa vilevile. Soketi alitupungia mkono kwa mbali. Kaka akachomeka waya, simu ikawika kama jogoo: "Karibu." Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Nilisimama nimeshika mkono wa shati la Kaka kama mtoto. Mzee mmoja kwenye benchi akajisogeza, akaacha nafasi, bila kutuangalia.

"Ngoja nikae kidogo," Kaka akasema. "Pana upepo mzuri pale."

"Hukai popote."

"Dakika moja tu."

"Kaka, hukai."

Nilimvuta mpaka kifungo kikaruka. Tukatoka uwanjani, tukazunguka mtaa mzima, tukapita duka la matairi na shule, tukarudi, tukaingia langoni. Jogoo akawika tena. "Karibu tena." Maneno hayo mawili niliyaandika mimi miaka mitatu nyuma, nikaona ni ya kijinga kidogo. Siku hiyo niliyabusu pale pale kwenye kioo cha simu. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na Kaka akaanza kucheka kwa sababu nilikuwa nimelowanisha dashibodi.

"Umeniponya?"

"Nimekuponya."

"Basi unanidai soda. Mimi nakudai kifungo."

Tukakata shauri twende kwa Mama kula. Njia nzima tulikuwa wepesi, tunacheka kila kitu, hata mbuzi aliyesimama juu ya gari bovu. Ofisini sikupiga simu. Nilijiambia Grafu na mistari yake watanisubiri. Tulikuwa tumebakiza mitaa miwili hivi Kaka alipoigusa simu pale dashibodini.

"Jumamosi nanunua simu yangu," akasema. "Nitalikosa benchi lako. Maana kwenye ile iliyozama sikuwahi kuliona hata siku moja."

Niliiangalia simu. Tangazo halimfuati mtu, linafuata akaunti iliyomo kwenye simu. Jambo hilo nililifundisha kwenye semina nzima, watu arobaini wakaandika. Mganga hajigangi. Picha zilizokuwa humo zilikuwa za Mama. Mlio wa jogoo ulikuwa wa Mama. Miaka mitatu mashine ilikuwa imeangalia vidole vya Mama, saa zake za kuamka, njia zake za kwenda na kurudi, na vitu alivyoacha kutafuta.

"Kaka," nikasema, "ongeza mwendo."

Tulimkuta amekaa mlangoni, ameloweka miguu kwenye beseni. Mzima kabisa. Aliinua uso akatabasamu, akauliza mbona siku ya kazi. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa nitamtisha.

"Miguu imechoka," akasema. "Juzi nilitembea mpaka kwenye lile benchi lako."

Kaka alikuwa nyuma yangu. Nilisikia funguo zinamwanguka.

"Ulifikaje, Mama? Simu anayo Kaka."

"Kwani hapo mpaka ramani? Nilikuwa naliwaza tu lile benchi, nikasema nipite. Pana upepo mzuri. Nikakaa kidogo, nikarudi. Watu wa pale hawana maneno, lakini wana adabu. Walinipa nafasi."

"Mama, twende tena," nikamwambia. "Sasa hivi. Gari hili hapa."

"Tena? Nimeshaliona. Kesho."

"Leo, Mama."

"Kwani litaota miguu likimbie?"

Nilipiga magoti pale chini, maji ya beseni yakanilowanisha gauni. Hasira ilinipanda, hasira ya kijinga ya mtu anayeogopa, nikamwambia kwa nini hakuniambia, kwa nini anatembea peke yake juani, kwa nini kila kitu chake ni kesho. Kaka akanishika bega. Mama alinisikiliza, halafu akanishika shavu kwa mkono wenye maji.

"Una nini, mwanangu?"

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Nilishindwa kumwambia. Mpaka leo sijui kama kumwambia kungesaidia kitu. Akaanza kujifuta miguu, kidole kwa kidole, bila haraka, kama alivyokuwa akitufuta sisi.

"Basi, usilie. Kama benchi ndilo linakuliza, twende. Nivae viatu."

Akaingia chumbani. Kaka akageuza gari likaangalia barabarani. Nilifungua mlango wa nyuma nikausimamia, nikapanga kiti, nikaondoa jaketi la Kaka, nikalirudisha, nikaliondoa tena. Nilipiga hesabu: dakika nane mpaka kituoni, kama taa za barabarani zitakuwa upande wetu. Gari lilikuwa limewashwa lakini huwezi kujua, maana halina mlio. Palikuwa kimya sana. Kaka akapiga honi mara moja, fupi, ya kumtania.

Nikaingia ndani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa kimeegemea ukuta. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kimefungwa vizuri. Cha pili kilikuwa mapajani, na mikono miwili juu yake. Nilimwita. Nilimwita na Kaka akaja akamwita. Nilimvika kile kiatu, nikakifunga, kana kwamba ndicho kilichokuwa kinatuchelewesha.

Kazi niliacha wiki ileile. Kampeni Grafu aliiwasha tena, hilo nililijua kwa jedwali la mwezi uliofuata. Walikuwa wa kwanza kwa mbali. Nilimpelekea karatasi yangu mara ya pili, na majina tisa ya wale niliowaona benchini, ambayo Soketi alinitafutia. Hakujibu. Kaka naye hakukanyaga tena kituo chetu. Alirudi kwa washindani na kahawa yao. Simu mpya hakununua. Alisema atabaki na hiyo ya Mama, na mimi sikumuuliza kwa nini, kwa sababu nami nilikuwa nimechukua beseni.

Mwezi mmoja baadaye tulikuwa nyumbani kwa Mama, mchana, tunakunja nguo zake. Mimi nakunja, Kaka anapanga kwenye masanduku. Tulikuwa tumefika kwenye kanga za siku za kazi jogoo alipowika. Kaka akaitoa simu mfukoni, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti.

"Hatujakuona siku nyingi. Kiti chako bado kipo."

"Niliuandika mimi," nikasema.

"Najua."

Akakaa kwenye kitanda, simu mkononi, kwenye ukingo uleule. Nilimwambia asikae hapo, akasimama. Kisha akaniuliza ujumbe huo unajituma mara ngapi.

Nikamwambia kila baada ya siku thelathini, mpaka mtu arudi.